Jimbo la Belfast Falls, 1918–1922: kiti kilichopigiwa kura mara moja

Jimbo la uchaguzi la Belfast Falls, katika mji wa Belfast kaskazini mwa Ayalandi, halikufikisha miaka minne. Liliundwa kwa sheria ya mwaka 1918, wakazi wake wakapiga kura mara moja tu, tarehe 14 Desemba mwaka huohuo, wakampeleka mtu mmoja katika Bunge la Uingereza, kisha jina la jimbo likafutwa katika ramani kabla ya uchaguzi mkuu wa Novemba 1922. Historia nyingi za Ayalandi hulitaja kwa sentensi moja, yaani kwamba hapo ndipo Éamon de Valera, kiongozi wa chama cha Sinn Féin kilichotaka uhuru kamili, aliposhindwa na Joseph Devlin wa chama cha zamani cha wazalendo. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini inaacha nje jambo lililo kubwa zaidi. Falls lilikuwa jimbo lililowapa Wakatoliki wa Belfast kiti wasichoweza kunyang'anywa na mpinzani yeyote, na kwa kuwapa kiti hicho likawaondolea sababu ya kuhesabiwa na kuombwa kura mahali pengine popote mjini. Namna mambo hayo mawili yalivyotokana na mstari mmoja wa mpaka ndiyo kiini cha uchambuzi huu.

Mji kabla ya mipaka mipya

Sensa ya mwaka 1911 ilihesabu watu 386,947 mjini Belfast, na kati yao 93,243 walikuwa Wakatoliki, karibu robo ya mji. Mji uliishi kwa kutengeneza kitani na kuunda meli. Upande wa magharibi, Barabara ya Falls ilipita katikati ya mitaa ya Wakatoliki na Barabara ya Shankill katikati ya mitaa ya Waprotestanti, na mahali pengi umbali kati ya barabara hizo mbili ulikuwa wa mitaa michache tu. Kwa ujumla Wakatoliki walikuwa wazalendo waliotaka Ayalandi ipate angalau madaraka ya ndani, na Waprotestanti walikuwa wafuasi wa Muungano na Uingereza. Wapo waliovuka mstari huo kwa pande zote mbili, na kwa kisa hiki hao wachache wana uzito kuliko idadi yao.

Tangu mwaka 1885 mji ulikuwa na majimbo manne, lililohusu zaidi likiwa Belfast West, ambalo lilikusanya sehemu za pande zote mbili. Ushindi wa huko ulikuwa mwembamba mno. Mwaka 1886 mzalendo Thomas Sexton alishinda kwa kura 103, na mwaka 1892 akakipoteza kiti kwa mfuasi wa Muungano, H. O. Arnold-Forster. Mwaka 1906 Joseph Devlin alikirudisha kwa kura 4,138 dhidi ya 4,122, mgombea wa tatu akiambulia 153. Tofauti ilikuwa kura 16.

Kura hizo 16 zinastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa zinaeleza aina ya siasa iliyohitajika Belfast West. Devlin alizaliwa mwaka 1871 katika mitaa hiyohiyo ya Falls, katika familia ya kawaida, akafanya kazi katika baa kisha katika uandishi wa habari kabla ya kuingia siasani. Alikuwa rais wa Ancient Order of Hibernians, chama cha udugu cha Wakatoliki, ambacho Waprotestanti wengi walikitazama kwa hofu na chuki. Hata hivyo mtu huyohuyo, ili ashinde, ilimlazimu azungumze habari za mishahara ya wafanyakazi wa kitani, za afya yao viwandani na za saa za kazi, kwa maneno ambayo fundi wa Kiprotestanti aliyechoshwa na matajiri wa chama chake angeweza kuyasikiliza. Sidai kwamba Belfast West lilikuwa jimbo la upendo. Ninachosema ni kwamba hesabu ya kura ilimfanya mgombea wa kila upande amhitaji mtu mmoja mmoja wa upande wa pili, na Devlin alilimudu sharti hilo vizuri kiasi cha kukishika kiti mara mbili zaidi mwaka 1910, Januari na Desemba.

Jinsi jimbo lilivyokatwa

Mwaka 1918 sheria mbili zilibadilisha kila kitu. Ya kwanza iliwapa kura karibu wanaume wote wa miaka 21 na zaidi, pamoja na wanawake wa miaka 30 na zaidi waliotimiza masharti ya makazi au mali, na idadi ya wapiga kura wa Ayalandi ikapanda kutoka takriban 700,000 hadi takriban milioni 1.9. Ya pili iligawa upya viti vya Ayalandi, na Belfast ikapata viti tisa badala ya vinne: Cromac, Duncairn, Falls, Ormeau, Pottinger, St Anne's, Shankill, Victoria na Woodvale.

Ni rahisi kudhani kwamba viti tisa vilikuwa zawadi kwa wafuasi wa Muungano. Hesabu haikubali dhana hiyo. Ayalandi yote ilikuwa na watu 4,390,219 mwaka 1911 na wabunge 103, wastani wa watu wapatao 42,600 kwa kila mbunge. Ukigawa idadi ya watu wa Belfast kwa wastani huo, unapata tisa na kidogo. Mji ulikuwa umepunjwa kwa miaka mingi, na mwaka 1918 ulipata haki yake.

Lakini hesabu hiyohiyo ukiifanya kwa Wakatoliki wa Belfast peke yao inatoa viti viwili na ziada, na walipata kimoja. Zamani walikuwa robo ya mji na mbunge wao alikuwa mmoja kati ya wanne. Sasa walikuwa bado robo ya mji na mbunge wao alikuwa mmoja kati ya tisa. Sehemu ya sababu ni jiografia. Wakatoliki waliokaa Ardoyne, Short Strand na mtaa wa Markets walikuwa visiwa vilivyozungukwa, na katika mfumo wa mbunge mmoja kwa jimbo moja kisiwa hakina sauti, hata mipaka ikikatwa na mtu mwadilifu kiasi gani. Sehemu nyingine ya sababu ni Falls lenyewe, kwa kuwa Wakatoliki wengi mno walikusanywa ndani ya mstari mmoja, ambamo maelfu ya kura zao zingezidi kile kilichohitajika kushinda. Katika majimbo mengine manane mgombea wa Muungano hakuwa na haja ya kupanda ngazi ya nyumba ya Mkatoliki kuomba chochote, na katika Falls mzalendo hakuwa tena na haja ya kumshawishi Mprotestanti.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu waandishi wengi hulipima jimbo kwa swali moja, kwamba je, wachache walipata mtu wao? Falls linajibu ndiyo. Swali la pili, la nani sasa analazimika kuwasikiliza, halijibiwi na ndiyo hiyo.

Kura ya pekee

Kwa kuwa upande wa Muungano haukuwa na tumaini huko na haukusimamisha mtu, mashindano ya Falls yalifanyika ndani ya jamii moja. Chama cha Devlin, chama cha zamani cha wazalendo bungeni, kilikuwa kinabomoka nchi nzima. Uasi wa Pasaka wa 1916 mjini Dublin dhidi ya utawala wa Uingereza na kupigwa risasi kwa viongozi wake kulikuwa kumeanza kazi hiyo, na jaribio la serikali la Aprili 1918 la kuwaandikisha Waayalandi jeshini kwa lazima likaimalizia. Sinn Féin ilisimama na ahadi moja iliyokuwa rahisi kueleweka: wabunge wake hawatakwenda kamwe Westminster, yaani katika Bunge la Uingereza, bali watakutana Dublin na kuunda bunge la Ayalandi.

Devlin alibeba pia mzigo wa kwake binafsi. Tarehe 23 Juni 1916, katika ukumbi wa St Mary's mjini Belfast, aliwashawishi wajumbe wa wazalendo wa kaskazini wakubali, kwa muda, kaunti sita za kaskazini ziachwe nje ya mpango wa madaraka ya ndani. Wajumbe 475 walikubali na 265 wakakataa. Mpango wenyewe ulikufa wiki chache baadaye, lakini doa lilibaki, hasa magharibi mwa Ulster, mkoa wa kaskazini, ambako wazalendo walikuwa wengi na hawakuona sababu ya kutolewa mhanga. Mtu angetarajia kwamba wakazi wa Falls nao wangemwadhibu.

Sinn Féin ilimsimamisha kiongozi wake mwenyewe. De Valera alikuwa kifungoni katika gereza la Lincoln, Uingereza, tangu alipokamatwa mwezi Mei, na alisimamishwa katika majimbo manne kwa pamoja. East Clare alipita bila kupingwa. East Mayo alimwangusha John Dillon, kiongozi wa chama cha zamani, kwa kura 8,975 dhidi ya 4,514. South Down hakupigania kwa kweli, kwa sababu Kadinali Michael Logue alikuwa amegawanya viti vinane vya Ulster nusu kwa nusu kati ya vyama viwili vya Kikatoliki, ili kura zisigawanyike na kumpitisha mfuasi wa Muungano, na hicho kiliangukia upande mwingine. Falls hakikuwamo katika mgawo huo. Hapakuwa na hatari ya kugawa kura, kwa hiyo hapakuwa na haja ya suluhu. Wazalendo waliachwa wapambane.

Devlin alipata kura 8,488 na de Valera 3,245. Kwa kila kura 100 zilizopigwa, 72 zilikwenda kwa Devlin, katika mwezi uleule ambao chama chake kilifutwa karibu kote Ayalandi na kubaki na viti sita, huku Sinn Féin ikichukua 73.

Maelezo ya kawaida ni kwamba watu walimpenda Devlin, na ni kweli walimpenda. Alikuwa mtoto wa mitaa yao, mtu mfupi waliyemwita Wee Joe, na kwa wanawake wa viwanda vya kitani jina lake lilikuwa na heshima ya pekee kwa jinsi alivyozisemea shida zao. Tukumbuke hata hivyo kwamba wengi wa wasichana hao walikuwa chini ya miaka 30 na sheria haikuwapa kura. Chama cha Hibernians kilikuwa na matawi na wanachama kila mtaa, na tangu sheria ya bima ya taifa ya mwaka 1911 kilikuwa pia mahali pa kupokea malipo ya ugonjwa, jambo ambalo familia ya kibarua hailisahau siku ya uchaguzi. Vilevile vijana wengi wa Falls walikuwa wamejiunga na jeshi la Uingereza mwaka 1914 na 1915 kwa wito wa Devlin na wenzake, na nyumba zilizokuwa na mwana aliyekufa Ufaransa hazikuwa tayari kuambiwa kwamba amekufa bure.

Hata hivyo naona sababu yenye nguvu kuliko hizo zote ni hofu ya kunyamazishwa. Mkulima wa Mayo aliweza kumchagua mbunge asiyekwenda bungeni, kwa kuwa jirani zake wote walifikiri kama yeye na mamlaka mpya ya Dublin ingemfikia. Mkazi wa Falls alijua kwamba majimbo mengine manane ya mji yangempeleka Westminster mfuasi wa Muungano kila moja, akiwamo kiongozi wao Edward Carson mwenyewe, aliyehamia Duncairn. Kiti chake kikikaa kitupu, habari zote za Belfast zingesimuliwa Bungeni na watu hao wanane. Kususia ni silaha ya walio wengi mahali walipo, na wapiga kura wa Falls waliipima hivyo.

Mbunge mmoja kati ya tisa

Bunge la kwanza la Sinn Féin lilipokutana Dublin tarehe 21 Januari 1919, liliwaita kwa majina wote waliochaguliwa Ayalandi, pamoja na wale ambao hawangekuja kabisa. Jina la mbunge wa Falls lilikuwamo katika orodha. Yeye alibaki njia ya Westminster, akiongoza kundi dogo la wazalendo, sita wa Ayalandi na T. P. O'Connor wa Liverpool. Miaka michache nyuma chama hichohicho kilikuwa na wabunge wasiopungua 70, na serikali za Uingereza zilisimama au kuanguka kwa kura zake.

Kazi yake katika miaka hiyo ilikuwa kusema. Julai 1920 maelfu ya wafanyakazi, wengi wao Wakatoliki na baadhi wakiwa Waprotestanti wa vyama vya kisoshalisti, walifukuzwa kwa nguvu katika karakana za kuunda meli za Belfast, na Devlin ndiye aliyelipeleka suala hilo Bungeni kwa niaba ya watu waliokuwa wamepoteza riziki. Miezi hiyo mji uliingia katika mauaji yaliyoendelea hadi 1922 na kuchukua maisha ya watu zaidi ya 450, wengi wao Wakatoliki.

Siku inayoonyesha vizuri zaidi hali ya kiti hicho ni Jumatatu tarehe 22 Novemba 1920. Jana yake asubuhi, mjini Dublin, maofisa wa Uingereza walikuwa wameuawa katika makazi yao kwa amri ya Michael Collins, kiongozi wa wapiganaji wa uhuru wa Ayalandi, na alasiri vikosi vya serikali vikafyatua risasi katika uwanja wa Croke Park wakati wa mchezo wa mpira na kuua raia. Bungeni, serikali ilieleza kwa kirefu mauaji ya maofisa. Devlin alisimama kuuliza kwa nini hakuna neno juu ya waliokufa uwanjani. Wabunge walimzomea wakimtaka akae, naye hakukaa, na katika makelele hayo mbunge mmoja wa Conservative, Meja John Molson, alimkamata na kumvuta juu ya kiti. Wengine wakaingilia, na Spika akasimamisha kikao. Molson baadaye aliomba radhi, na Devlin akapokea.

Tukio hilo husimuliwa kama kioja cha bunge, na nadhani linapunjwa kwa kusimuliwa hivyo. Swali la Devlin lilikuwa halali, na lisingeulizwa na yeyote kati ya wabunge wengine wanane wa Belfast. Kwa hiyo wapiga kura wa Falls walipata kile walichokipigia kura, sauti ambayo isingekuwapo bila wao. Walipata pia kipimo cha sauti hiyo, kwa kuwa hapakuwa na kundi nyuma yake la kumfanya waziri yeyote aogope.

Kufutwa

Wakati huohuo Bunge lilikuwa linajadili sheria iliyolimaliza jimbo. Sheria ya Serikali ya Ayalandi ya mwaka 1920 iligawa kisiwa, ikaipa Ayalandi ya Kaskazini bunge lake, na kwa kuwa sehemu hiyo sasa ilikuwa na bunge nyumbani, ikapunguza viti vyake vya Westminster kutoka 30 hadi 13. Belfast ilirudi kwenye viti vinne: East, North, South na West. Devlin aliipinga sheria hiyo kwa sababu aliona kwamba Wakatoliki wa kaskazini wangebaki wachache wa kudumu chini ya utawala wa watu walewale. Upinzani wake haukubadilisha kitu.

Falls iliingizwa tena katika Belfast West, lakini hii haikuwa Belfast West ya mwaka 1906. Kwa uchaguzi wa bunge jipya la kaskazini, Mei 1921, ilikuwa na wabunge wanne, na mpiga kura aliwapanga wagombea kwa mfuatano wa chaguo lake. Mfumo huo uliwafaa walio wachache, na Devlin alichaguliwa bila shida pamoja na wafuasi watatu wa Muungano, wawili kati yao, Robert Lynn na Thomas Burn, wakiwa wabunge wa Woodvale na St Anne's. Katika uchaguzi huo washindani wa Falls walikuwa upande mmoja. Devlin na de Valera walikubaliana kwamba wafuasi wao wapeane chaguo za chini, na kwamba atakayechaguliwa asiingie katika bunge la Belfast. Hivyo mtu ambaye Falls ilimchagua ili asisusie alikubali kususia, hadi mwaka 1925 alipochukua kiti chake. Simlaumu. Westminster ilikuwa bunge ambalo wazalendo walikuwa wamelitumia kwa vizazi, na hili jipya walilichukulia kuwa muhuri wa kugawanywa kwa nchi, kwa hiyo kulisusia kulikuwa na maana tofauti kwao.

Kwa viti vya Westminster mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa Belfast West ya 1922 ilichagua mbunge mmoja tu, nayo ilikuwa kubwa, yenye Waprotestanti wengi kuliko Wakatoliki. Devlin hakusimama huko. Alikwenda kugombea Liverpool Exchange, jimbo lenye wahamiaji wengi wa Kiayalandi, akashindwa. Robert Lynn akawa mbunge wa Belfast West, na watu waliokuwa wametoa asilimia 72 kwa mzalendo miaka minne nyuma wakawa wanawakilishwa na mtu wa Muungano. Wazalendo wawili pekee waliopata viti kati ya vile 13 walitoka Fermanagh na Tyrone, mbali na Belfast.

Kuna jambo moja la miaka iliyofuata ambalo linaunga mkono hoja yangu kuhusu mipaka. Desemba 1923 Harry Midgley wa chama cha Labour, Mprotestanti, alisimama Belfast West dhidi ya Lynn na akashindwa kwa kura chini ya 3,000, baada ya kupata kura nyingi za Falls pamoja na za wafanyakazi wa upande wa pili. Katika jimbo la Falls la 1918 kampeni ya namna hiyo isingekuwa na mahali pa kufanyika. Jimbo kubwa liliwanyima Wakatoliki mbunge wao, na papo hapo lilimfanya mtu fulani azitafute tena kura zao pamoja na za jirani zao.

Mwaka 1929 bunge la kaskazini liliacha mfumo wa kupanga wagombea na kurudi kwenye majimbo ya mbunge mmoja, na jina la Belfast Falls likarudi, safari hii kama jimbo la bunge hilo. Devlin mwenyewe alichukua kiti cha Belfast Central, na katika Westminster akawakilisha Fermanagh na Tyrone hadi alipofariki tarehe 18 Januari 1934. Falls jipya liliendelea hadi bunge la kaskazini liliposimamishwa mwaka 1972, na kwa muda wote huo halikuchagua mfuasi wa Muungano hata mara moja. Mashindano yake yalibaki ya ndani: Richard Byrne mzalendo, kisha mwaka 1942 Eamonn Donnelly, aliyekataa kukaa bungeni, kisha tangu 1945 Harry Diamond, mjamhuri wa kisoshalisti, ambaye mwaka 1969 aliondolewa na Paddy Devlin wa Labour.